Kutia Ndege Pete: Kazi ya Ngulia na Majina ya Ndege wa Ziwa

Kutia ndege pete ni kazi ya kumnasa ndege wa mwitu pasipo kumdhuru, kumfunga mguuni pete nyepesi yenye namba na anwani, kumpima, kumwandika daftarini, na kumwachia aende zake. Ndege yule akipatikana tena mahali pengine, na aliyempata akapeleka habari kwenye anwani iliyoandikwa, hujulikana alitoka wapi, alikwenda wapi, na muda gani umepita kati ya siku hizo mbili. Habari nyingi za safari za ndege wadogo zijulikanazo leo zilipatikana kwa njia hii katika karne ya 20.

Aghalabu kazi hii huhesabiwa kuwa ya wanabiolojia peke yao. Lakini ndani yake mna sehemu mbili ambazo ni za lugha tupu. Ya kwanza ni ujumbe ulioandikwa juu ya pete, ambao hauna faida usipomfikia mtu awezaye kuuelewa. Ya pili ni jina la ndege liandikwalo daftarini, ambalo halina budi kuwa na maana moja tu. Makala haya yaeleza jinsi kituo cha kutia pete kifanyavyo kazi, kwa mfano wa kituo cha Ngulia nchini Kenya, kisha yatazama sehemu hizo mbili kwa upande wa wakaao kando ya Ziwa Viktoria.

Mfano wa wakazi hao ni watu wa Igoma, kata iliyo mashariki mwa Jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Huko Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya na lugha nyingine hukutana kila siku sokoni, na Kiswahili ndicho kiziunganishacho. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mbayuwayu watokao Ulaya na Asia huonekana wakiruka juu ya mashamba na ufuko wa ziwa. Yawezekana kabisa mmoja wao amevaa pete. Swali ni hili: mtu wa Igoma akiiokota pete hiyo, atajua ni kitu gani, na habari zake zapaswa kwenda wapi?

Mwanzo wa kazi

Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umempenya shingoni. Mti wa mkuki ule ulitambuliwa kuwa wa Afrika ya Kati. Siku hizo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wakibishana kama ndege watowekao wakati wa baridi husafiri, au hujificha na kulala mpaka joto lirudi. Korongo yule, ambaye amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, alikuwa kama barua isiyo na maandishi. Alionyesha kwamba alifika Afrika, akajeruhiwa, akaishi, akarudi kwao. Ila barua ile haikutaja mahali wala siku.

Aliyeipatia barua ya namna hiyo maandishi ni Hans Christian Mortensen, mwalimu wa shule mjini Viborg, Denmark. Alijaribu kwanza pete za zinki mwaka 1890, akaona ni nzito mno. Mwaka 1899 alianza kuwafunga kwezi wa Ulaya pete za aluminiamu, kila moja ikiwa na namba yake na mahali pa kupeleka habari. Mwaka 1901 Johannes Thienemann alianzisha kituo cha kutazama ndege Rossitten, kwenye ufuko wa Bahari ya Baltiki, na miaka miwili baadaye pete zikaanza kutumika huko. Mwaka 1909 Harry Witherby alianza kazi hiyo Uingereza.

Tukio lililoithibitisha faida ya pete kwa watu wengi lilihusu mbayuwayu. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alitiwa pete katika Staffordshire, Uingereza. Disemba 1912 ndege yuyo huyo alipatikana katika shamba moja la Natal, Afrika Kusini. Aliyempata aliiona pete, akaisoma anwani ya Witherby ya London, akaandika barua. Kwa barua ile moja ikajulikana kwa hakika kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika kusini kabisa mwa Afrika. Ieleweke vema kwamba ugunduzi ule ulikuwa wa watu wawili: yule aliyeifunga pete na yule aliyeisoma. Pasipo huyu wa pili, yule wa kwanza asingejua neno.

Usiku wa Ngulia

Katika Afrika Mashariki mahali palipopata sifa kubwa kwa kazi hii ni Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Mwaka 1969 ilifunguliwa hapo hoteli ya wageni, juu ya genge, yapata mita 900 kutoka usawa wa bahari. Taa kali ziliwekwa ili wageni waweze kuwaona wanyama wajao usiku kunywa maji. Mara ikaonekana jambo ambalo wajenzi hawakulitazamia: katika miezi ya Novemba na Disemba, ukungu ushukapo juu ya genge, ndege wadogo kwa maelfu huteremka kutoka angani na kuzizunguka taa. Kazi ya kuwatia pete ilianza mwaka ule ule, na kwa miaka mingi iliongozwa na Graeme Backhurst na David Pearson.

Sababu yake ni hii. Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Hushika njia kwa kutazama nyota, na kwa hisia ya nguvu za sumaku za dunia. Ukungu ukizifunika nyota, na chini yake pakawa na mwanga mkali, ndege hupotewa na njia, akaufuata mwanga ule. Kukiwa na mbalamwezi, mwanga wa taa hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo wafanyao kazi Ngulia huchagua siku za giza, mwezi uandamapo.

Mvuvi wa Mwanza hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa kwa mwanga wa karabai, au siku hizi kwa taa za umeme wa jua, katika siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ya dagaa hupumzika. Samaki na ndege ni viumbe mbalimbali, na sababu ya kila mmoja kuufuata mwanga si moja, lakini kalenda ya kazi ni ile ile. Kwa sababu hiyo lugha ya uvuvi wa ziwa inao tayari msamiati mwingi wa kuieleza kazi ya Ngulia: giza, mbalamwezi, taa, wavu, macho ya wavu, kutega, kutegua.

Nyavu zenyewe zina asili ya Japani, ambako zilitumika zamani kuwanasa ndege wa kuliwa. Wataalamu wa nchi za Magharibi walizichukua baada ya Vita Kuu vya Pili. Ni za uzi mweusi mwembamba sana, na husimamishwa kati ya miti miwili kama pazia. Kamba zivutwazo kwa ulalo huufanya wavu uwe na mifuko, mmoja juu ya mwingine. Ndege asiyeuona wavu huugonga, akaanguka mfukoni, akabaki humo. Mtu apendaye mfano wa ziwani na aseme kwamba wavu huu wafanana na wavu wa kutega usiku, wala si kokoro. Kokoro huburura kila kitu kilichopo. Wavu wa ndege hungoja, na wenye wavu sharti waupitie mara kwa mara, ama ndege atachoka, atapata baridi, au ataliwa na mnyama.

Kunasa na kunasua

Hapa Kiswahili chatoa msaada mzuri. Kitenzi nasa kina kauli yake ya kutendua, yaani nasua, kama vile tega na tegua, funga na fungua. Katika kituo cha kutia pete, kunasa hufanywa na wavu. Kunasua hufanywa na mtu, na ndiyo sehemu ngumu ya ufundi wote. Mnasuaji hutazama kwanza ndege aliingilia upande gani, kisha huanza kwa kawaida na miguu, akaendelea na mabawa na kichwa, uzi baada ya uzi. Mwanafunzi hapewi pete kabla hajajua kunasua. Kama ingetafutwa istilahi moja ya kuonyesha tofauti ya mtia pete na mwinda ndege, isingehitajiwa nyingine: mwinda ndege hunasa, mtia pete hunasa akanasua.

Baada ya kunasuliwa, ndege hutiwa katika mfuko wa kitambaa ili atulie gizani. Mezani hutambuliwa kwanza ni wa namna gani, kisha huchaguliwa pete ya ukubwa unaomfaa. Pete hukazwa kwa koleo maalumu, ikawa inazunguka mguuni bila kubana wala kuchomoka. Bawa hupimwa kwa rula, uzito kwa mizani. Ndege hawa wengi hawazidi gramu chache, wengine kama 11 au 12 tu. Mpimaji hupuliza manyoya ya kifuani, akatazama mafuta yaliyo chini ya ngozi, kwa kuwa mafuta ndiyo akiba ya safari. Hutazamwa pia kama ni ndege wa mwaka ule au mpevu, na kama manyoya yake yananyonyoka. Neno hili nalo lastahili kuangaliwa: ndege ambaye manyoya yake yanyonyoka, yamtoka yenyewe kwa majira yake, ndege aliyenyonyolewa, amenyonyolewa na mtu. Mwandishi wa daftari akichanganya kauli hizi mbili, ameandika habari ya jikoni badala ya habari ya kituoni.

Jina la chombo chenyewe pia lataka kufikiriwa. Kiswahili kina maneno kadhaa ya mapambo ya duara: pete ni ya kidole, bangili ni ya mkono, furungu ni la mguu tena ni zito, na kikuku ni cha mkono au cha mguu. Kwa kufuata mahali kivaliwapo, chombo cha ndege kingeitwa kikuku. Lakini kikuku katika mazungumzo ya mijini kimekuwa na fununu zake, na furungu lina uzito usiolingana na ndege wa gramu 11. Pete ina wembamba na wepesi utakiwao. Tena kutia pete ni bora kuliko kuvisha pete, kwa sababu kuvisha pete kumekwisha kuchukuliwa na habari za uchumba.

Yaliyojulikana

Tangu 1969 ndege waliotiwa pete Ngulia wamefikia mamia ya maelfu. Waliozidi wote kwa wingi ni wa namna tatu: Acrocephalus palustris, ndege mdogo wa rangi ya majani makavu, Luscinia luscinia, mwimbaji mashuhuri wa misitu ya Ulaya ya Mashariki, na Curruca communis, ambaye vitabu vya zamani vilimwita Sylvia communis. Ndege wenye pete za Ngulia wamepatikana Uarabuni, Ulaya ya Mashariki na Urusi, na wengine wenye pete za huko wamenaswa Ngulia. Waliopatikana ni wachache mno wakilinganishwa na waliotiwa pete, lakini hao wachache ndio waliochora njia: kutoka Ulaya na Asia ya Magharibi, kwa Uarabuni, kwa Ethiopia, kwa Kenya na Tanzania, hata kusini mwa Afrika.

Habari za Acrocephalus palustris zina ajabu ambayo yamhusu hasa mtu wa lugha. Ndege huyu ni mwigaji. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchunguzi wake juu ya nyimbo za madume aliowasikiliza huko Ubelgiji. Aligundua ndani ya nyimbo zile sauti za ndege wa namna 212, na kati yao 113 ni ndege wa Afrika. Dume mmoja kwa wastani aliiga namna 76, na zaidi ya nusu walikuwa wa Afrika. Kinda wa ndege huyu hujifunza katika mwaka wake wa kwanza, kwanza kwao, kisha njiani na katika makazi yake ya Afrika. Akirudi Ulaya kuoa, huimba aliyoyasikia huku. Kwa maneno mengine, kuna vichaka vya Ubelgiji ambamo kila masika husikiwa lahaja za ndege wa Afrika Mashariki. Pete za Ngulia ndizo zilizoonyesha njia apitayo. Wimbo wake ndio uonyeshao aliowasikia njiani.

Ndege huyo apitaye Kenya na Tanzania kwa wingi namna hii, na abebaye sauti za nchi hizi hata Ulaya, hana katika Kiswahili jina lililoenea. Huitwa ndege mdogo, basi.

Pete na makazi yaliyorudi

Kazi ya pete haikomi katika safari. Hutumika pia kupima kama mahali palipoharibika pamepona. Tsavo yenyewe ni mfano wa nchi iliyobadilika mbele ya macho ya watu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1948. Tembo walipozidi, waliangusha miti na vichaka, hata sehemu kubwa ikawa mbuga ya nyasi. Ukame wa 1970 na 1971 uliua tembo kwa maelfu, kisha ujangili ukapunguza waliosalia. Vichaka vikaanza kuota tena. Kurudi kwa vichaka kulikotokana na msiba wa tembo si jambo la kufurahia tu, lakini kwa ndege wa vichakani ni makazi.

Katika Ziwa Viktoria mfano ulio karibu zaidi na Mwanza ni Rubondo. Watu waliokuwa wakikaa kisiwani walihamishwa katika miaka ya 1960, mashamba yakaachwa, msitu ukarudi. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa kutoka Ulaya wakaachiwa humo, na mwaka 1977 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa. Ndani ya mji wenyewe kiko Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama katika miaka ya 1960, na hifadhi ya taifa mwaka 2013.

Je, mtu atajuaje kwamba makazi yaliyorudi yanawafaa ndege kweli? Kuwaona ndege ni dalili, wala si ushahidi kamili, kwa maana ndege mia waonekanao leo na mia waonekanao mwakani waweza kuwa wengine kabisa, wapitao na kufa. Pete ndiyo itoayo ushahidi. Ndege yule yule akinaswa mahali pale pale mwaka wa pili na wa tatu, imethibitika kwamba ameishi na amerudi. Msafiri akinaswa mara mbili katika siku chache, na uzito wake ukawa umeongezeka, imethibitika kwamba mahali pale pana chakula. Ndiyo maana nyavu husimamishwa mahali pale pale na kwa muda ule ule kila mwaka, ili hesabu ya mwaka mmoja iweze kulinganishwa na ya mwingine.

Hapa lugha yaingia tena. Neno ndege halina umbo la wingi, wala halipambanui kichwa na namna. Akisema mtu kwamba katika mafunjo ya ufuko fulani mna ndege arobaini, msikilizaji hajui kama ni vichwa arobaini vya namna moja au namna arobaini zenye vichwa vingi. Katika soko jambo hili halidhuru. Katika kupima makazi hilo ndilo jambo lenyewe. Daftari la Kiswahili halina budi kusema wazi: ndege vichwa kadha, wa spishi kadha.

Msomaji wa pete

Pete za kazi hii Afrika Mashariki hubeba anwani ya Makumbusho ya Nairobi. Pete ya ndege wa gramu 11 ni ndogo mno; nafasi yake yatosha namba na maneno machache ya Kiingereza. Haiwezekani kudai kwamba iandikwe maelezo. Lakini pete isiyoeleweka huweza kudhaniwa kitu kingine kabisa. Januari 2011, huko Saudia, alikamatwa tumbusi aliyevaa pete na chombo cha kupeleka ishara chenye jina la Chuo Kikuu cha Tel Aviv, akashukiwa kuwa mpelelezi. Mwaka 2013, katika mkoa wa Qena nchini Misri, korongo aliyebeba chombo alichofungwa Hungaria alipelekwa polisi kwa shaka iyo hiyo. Watu wale hawakuwa wapumbavu. Walisoma ishara kwa maarifa waliyokuwa nayo.

Katika Kiswahili shaka ya namna hiyo ina mizizi yake. Neno ndege tangu zamani lina maana ya kiumbe na maana ya dalili. Lugha yenyewe huzitenga maana hizi kwa upatanisho: ndege mwema ni kiumbe, lakini ndege njema ni dalili ya heri, na ndege mbaya ni dalili ya shari. Nyuni, neno la zamani la ndege, ambalo ni ndugu wa noni la Kisukuma, ni jina pia la ugonjwa wa degedege wa watoto, kama lilivyo dege. Bundi hadi leo ana habari zake. Basi ndege aliyekufa, mwenye chuma kilichochorwa herufi mguuni, si ajabu akiachwa alipo, au pete yake ikatupwa mbali.

Dawa yake si kuwacheka watu, bali kuwaeleza mapema kwa maneno yao. Mahali pa kufaa kuliko pengine kando ya ziwa ni mialo, ambako mitumbwi hutia nanga na wavuvi hukutana kila asubuhi. Mnandi na ndege wengine wapigao mbizi hunaswa mara nyingine katika nyavu za samaki, na mvuvi ndiye wa kwanza kuwaona. Maelezo yenyewe ni mafupi: pete hii si uchawi wala si upelelezi, soma namba yote, kama ndege yu hai, andika namba, umwachie na pete yake, kama amekufa, itunze pete, taja mahali, siku, na jinsi alivyopatikana, peleka habari kwenye anwani iliyoandikwa. Mistari sita ya Kiswahili safi iliyobandikwa mwaloni yaweza kufanya kazi ambayo herufi za pete haziwezi.

Majina

Kuna swali ambalo kila mpokeaji wa habari atamwuliza mvuvi: alikuwa ndege gani? Hapo ndipo upungufu waonekana.

Kiswahili kina majina mazuri na thabiti ya ndege ambao watu wana shughuli nao. Waliwao wana majina: kanga, kwale. Waibao vifaranga wana lao: mwewe. Waharibuo nafaka nao wanalo: kwelea kwelea, jina lifuatalo lile la kisayansi Quelea quelea, likakaa vizuri katika sauti za Kiswahili. Wa ziwani walio wakubwa wana majina pia: furukombe, mnandi, mwari, yangeyange, fundichuma. Mengine yamefuata sauti au mwendo wa ndege, kama kitwitwi na chiriku. Lakini kadiri ndege awavyo mdogo, asiye na faida wala hasara kwa mtu, jina hufifia, mpaka wote wanakuwa ndege mdogo. Hao ndio waliojaa nyavu za Ngulia.

Hata majina yaliyopo mara nyingine hubeba mizigo miwili. Korongo huitwa yule mweupe wa Klütz, na korongo huitwa pia yule mwenye taji aonekanaye katika majaruba ya mpunga. Wataalamu huwaweka katika jamaa mbili zilizo mbali. Mbayuwayu huitwa yule atuaye juu ya nyaya za umeme, na wengi humwita hivyo hata yule mwenye mabawa kama mundu ambaye miguu yake haimwezeshi kutua juu ya waya asilani. Hao nao si ndugu. Mvuvi wa Igoma akileta habari za mbayuwayu, mpokeaji hawezi kujua ni yupi, isipokuwa namba ya pete imesalimika.

Si Kiswahili peke yake chenye tabu hii. Bulbul katika ushairi wa Kiajemi ni jamaa wa karibu wa Luscinia luscinia. Katika Kiarabu cha leo neno lilo hilo hutumiwa kwa ndege ambaye Waswahili humwita shore. Hata majina ya Kilatini hubadilika, kama lilivyobadilika lile la Sylvia kuwa Curruca. Katika daftari zima la kituo, kisichobadilika ni namba ya pete tu. Hata hivyo namba humtaja ndege mmoja. Haiwezi kuitaja jamaa yake.

Mambo matatu yaweza kufanywa pasipo kungoja. La kwanza ni kukusanya majina kwa wenyeji wa ziwa, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara na wengineo, si kwa kuuliza kwa maneno matupu, bali kwa kuonyesha picha na kusikilizisha sauti, na kuandika kila jina pamoja na ndege yule hasa aliyetajwa. Mchungaji na mvuvi aghalabu hujua zaidi ya kamusi. La pili ni kuyatumia maneno ambayo Kiswahili kinayo ziada. Kamusi huonyesha pia neno barawai kwa maana ya mbayuwayu au iliyo karibu nayo. Mabingwa wakikubaliana, moja la maneno hayo laweza kuachiwa jamaa ya pili, na lugha isipoteze kitu. La tatu ni kuunda majina ya sehemu mbili, la kwanza likitaja jamaa na la pili likipambanua namna, kwa sifa ionekanayo au isikiwayo. Acrocephalus palustris, kwa mfano, hatambulikani kwa urahisi kwa rangi hata na wataalamu. Lakini kuiga kwake hakuna shaka, na sifa ya mwigaji ingemfaa jinsi alivyo.

Wanabiolojia wanaweza kuendelea na kazi yao kwa Kilatini na Kiingereza, na nyavu za Ngulia zitajaa hata Kiswahili kikikaa kimya. Lakini nusu ya pili ya kila pete haiko Ngulia. Iko kwa yule atakayeiokota, na katika nchi zizungukazo Ziwa Viktoria mtu huyo yaelekea atakuwa mvuvi, mkulima au mtoto wa shule, atakayelieleza jambo lake kwa Kiswahili. Wenye lugha wana deni la kumpatia maneno ya kulieleza.